Programu za Uigaji Katika Somo la Fizikia: Mambo ya Kujua Kabla Usharika Haujanunua Kompyuta



Maombi mengi ya shule za sekondari yanayofika ofisi ya miradi siku hizi yana neno moja: kompyuta. Zamani usharika uliomba mabati, saruji na madawati. Sasa unaomba kompyuta ishirini, na sababu inayoandikwa mara nyingi ni kwamba shule haina maabara ya Fizikia, hivyo kompyuta zitachukua nafasi yake. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ukweli huo ni nusu tu, na nusu iliyobaki ndiyo inayokula fedha za watu. Somo la robo hii limeandaliwa ili mwanakamati ambaye hakusoma Fizikia, au aliyeisoma akaisahau, aweze kukaa kikaoni na kuuliza maswali yenye maana kabla ya kunyosha mkono.

Chombo chenyewe

Programu ya uigaji ni programu ya kompyuta inayoiga kitu halisi kwa kufuata kanuni zake. Si filamu. Katika filamu mwanafunzi anatazama yale yaliyokwisha kuamuliwa na mpiga picha. Katika programu ya uigaji mwanafunzi mwenyewe anaongeza betri, anakata waya, anarefusha uzi, na picha inabadilika kwa kufuata hesabu za Fizikia. Akijiuliza "je, ingekuwaje kama ningefanya hivi?" anafanya, na jibu linatokea hapo hapo mbele ya macho yake.

Zinazotumika zaidi mashuleni ni zile zinazoitwa PhET, za Chuo Kikuu cha Colorado kilichoko Boulder, Marekani. Mradi huo ulianzishwa mwaka 2002 na Profesa Carl Wieman, ambaye mwaka 2001 alikuwa mmoja wa wanasayansi watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya Fizikia, na sehemu ya fedha za tuzo yake aliiweka humo. Shule haidaiwi ada ya kuzitumia. Mwalimu anaweza kuzipakua mahali penye intaneti, akazibeba kwenye flashi na kuzifungua shuleni pasipo na mtandao wowote, kwa kuwa kila moja ni faili dogo la megabaiti chache. Baadhi zimetafsiriwa kwa Kiswahili. Jambo hili si dogo kwa mtoto wa kidato cha kwanza aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili na ghafla anafundishwa Fizikia kwa Kiingereza. Mwalimu mwenye busara huonyesha kwanza kwa Kiswahili ili jambo lieleweke, kisha kwa Kiingereza kwa ajili ya mtihani.

"Umeme umekwisha"

Ili tusizungumze juu juu tu, tuchukue kipindi kimoja cha umeme tukifuate hatua kwa hatua. Mwanakamati anaweza kulijaribu jambo hili nyumbani kwake.

Chukua betri moja, balbu moja na nyaya mbili. Waya mmoja unatoka upande mmoja wa betri kwenda kwenye balbu, mwingine unatoka kwenye balbu kurudi upande wa pili wa betri. Balbu inawaka. Sasa waulize wanafunzi: tukipima mkondo wa umeme kabla haujaingia kwenye balbu, na tukapima tena baada ya kutoka, vipimo vitakuwaje? Wengi watasema cha pili kitakuwa kidogo, kwa sababu balbu imeshakula umeme. Wengine watasema hakutabaki kitu kabisa. Walimu wa nchi nyingi duniani wamekutana na jibu hilo hilo, na kwetu sisi lugha ya nyumbani inalitia nguvu. Tunasema "umeme umekwisha", tunanunua LUKU, tunaangalia uniti zikipungua kwenye mita. Mtoto aliyelelewa katika maneno hayo atafikiri nini kingine?

Jibu sahihi ni kwamba vipimo vyote viwili viko sawa kabisa. Mkondo unaoingia kwenye balbu ndio unaotoka. Kinachotumika ni nishati, na nishati ndiyo inayouzwa na LUKU, kwa maana uniti moja ni kilowati moja iliyotumika kwa saa moja. Tazameni mnyororo wa baiskeli. Pingili zinazofika kwenye gurudumu la nyuma ndizo zinazoondoka kurudi mbele, hata moja haipungui, na bado baiskeli inapanda mlima na gunia la mahindi juu yake. Mnyororo hauliwi. Jasho la mpanda baiskeli ndilo linalotumika.

Kuyasema haya ubaoni ni rahisi. Kuyaamini ndiko kugumu, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuona mkondo wa umeme ukipita ndani ya waya. Ni hapa ambapo programu ya uigaji ina thamani yake. Katika ile ya kujenga sakiti, elektroni zinachorwa kama vidonge vidogo vinavyotembea ndani ya waya. Mwanafunzi anaziona zikiingia kwenye balbu na kutoka kwa mwendo ule ule. Akiweka betri ya volti 9 na balbu yenye ukinzani wa omu 10, ammita inasoma ampia 0.9 kabla ya balbu na ampia 0.9 baada ya balbu. Akiongeza balbu ya pili ya namna hiyo kwa mfululizo, vidonge vyote vinapunguza mwendo, hata vile vilivyo karibu na betri, na ammita inasoma 0.45 popote atakapoiweka. Akiziweka balbu mbili kwa usambamba, kila moja inapata 0.9 yake na betri inatoa 1.8. Ataelewa pia kwa nini taa za mti wa Krismasi za zamani, zilizofungwa kwa mfululizo, zilizimika zote globu moja ilipoungua, ilhali taa za kanisani haziko hivyo.

Mwalimu ana wajibu wa kusema wazi kwamba vidonge hivyo ni mchoro. Elektroni halisi hazionekani, na mwendo wake wa kusonga mbele katika waya wa kawaida ni wa polepole mno, hata milimita moja kwa sekunde haufiki. Taa inawaka mara moja kwa sababu waya wote tayari umejaa elektroni, kama bomba lililojaa maji: ukifungua koki, yanayotoka kwanza ni yale yaliyokuwa mdomoni, hayakungojewa kutoka kwenye tangi.

Kubashiri kwanza

Hata hivyo, kuna namna mbili za kukitumia chombo hiki, na moja haifai. Mwalimu anawasha kompyuta, anaonyesha vidonge vikizunguka, wanafunzi wanafurahi, kengele inalia. Kesho yake ukiwauliza lile swali la balbu wanarudia jibu lile lile la kwanza. Mtu hawezi kuliacha wazo lake kabla hajalitamka na kuliona likishindwa.

Namna inayofaa ni kuwataka wanafunzi wabashiri kwanza. Kabla mwalimu hajagusa kipanya, kila mmoja anaandika kwenye daftari lake anachotegemea kuona na kwa sababu gani. Kisha wananyosha mikono: wangapi wanasema mkondo utapungua, wangapi wanasema utakuwa sawa? Hesabu inaandikwa ubaoni. Ndipo programu inaendeshwa. Katika darasa la wanafunzi 80 hili linawezekana kwa kompyuta moja na televisheni moja, na kwa maoni yangu linawezekana vizuri zaidi kuliko katika chumba cha kompyuta 20 ambamo kila mashine imezungukwa na wanafunzi wanne, mmoja ameshika kipanya na watatu wanangoja zamu yao.

Wapo watakaosema hizi ni nadharia tu. Mwaka 2005 watafiti wa chuo hicho hicho cha Colorado walichapisha matokeo ya jaribio lao. Kundi moja la wanafunzi wa mwaka wa mwanzo wa Fizikia lilijifunza sakiti kwa balbu, nyaya na mita halisi, kundi jingine likajifunza kwa programu tu. Baadaye wote walipewa vifaa halisi, wakatakiwa kujenga sakiti na kuieleza. Waliokuwa wametumia programu ndio walioeleza vizuri zaidi, na katika maswali ya mtihani juu ya sakiti waliwazidi wenzao. Ni habari njema kwa shule maskini, lakini tusiipokee kwa pupa. Wale walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, katika vikundi vidogo, wakiongozwa na wasaidizi waliofundishwa kazi hiyo. Kwetu wasaidizi hao hawapo.

Kwenye skrini waya haulegei

Sasa nusu ya pili ya ukweli. Katika mtihani wa kidato cha nne Fizikia ina karatasi ya vitendo. Mtahiniwa anawekewa vifaa mezani na kuambiwa apime. Hapo hakuna kipanya. Aliyejifunza kwenye skrini tu atakutana kwa mara ya kwanza na betri yenye kutu mdomoni, waya uliokatika ndani ya plastiki yake, na ammita ambayo mshale wake unagonga upande usiotakiwa kwa sababu amegeuza nyaya. Kwenye skrini waya haulegei, na balbu mbili zinazofanana zinafanana kweli kweli. Kutafuta kwa nini sakiti haifanyi kazi ni sehemu kubwa ya elimu ya umeme, na hiyo hujifunzwa kwa vidole.

Ipo pia hatari ya usalama. Katika programu, mwanafunzi akiunganisha pande mbili za betri kwa waya mtupu, moto unachorwa kwenye betri na darasa linacheka. Mwanafunzi huyo lazima aambiwe bila kuficha kwamba mchezo huo haufanywi kwenye betri ya gari wala ya sola, na kwamba soketi ya ukutani si kifaa cha majaribio hata siku moja.

Habari njema ni kwamba vifaa halisi vya somo hili ni vya bei ndogo: betri kubwa za tochi za volti 1.5, globu ndogo za tochi, waya mwembamba, vipande vya mbao na misumari. Jihadharini na jambo moja. Tochi nyingi zinazouzwa sasa zina taa za LED, na LED hupitisha umeme upande mmoja tu wala haifuati kanuni ya Ohm. Mwanafunzi akipewa hiyo badala ya globu ya waya atachanganyikiwa bila kosa lake. Globu za zamani bado zinapatikana kwa wauzaji wa vifaa vya maabara, na kwa mafundi wa pikipiki zipo za volti 6 na 12.

Kuna mada ambazo kompyuta haihitajiki kabisa. Penduli ni jiwe na uzi. Uzi wa mita moja ukining'inizwa kwenye tawi la mwembe, jiwe linakwenda na kurudi kwa sekunde 2 hivi. Mwanafunzi akihesabu mizunguko 20 kwa saa ya mkononi anapata kama sekunde 40, anagawanya, na papo hapo amejifunza kwa nini hatuhesabu mzunguko mmoja tu. Abadilishe jiwe dogo kwa kubwa, akihakikisha urefu mpaka katikati ya jiwe haujabadilika, na aone kwamba muda haukubadilika. Kuweka kompyuta mbele ya jambo hilo ni kumnyima mtoto haki yake. Lakini akiuliza, "Mwalimu, na kwenye Mwezi je?" hapo programu inamchukua mahali ambapo uzi wetu haufiki: penduli ile ile ya mita moja inachukua karibu sekunde 4.9, kwa kuwa mvutano wa Mwezi ni kama moja ya sita ya ule wa dunia.

Kwa hiyo kamati ikiletewa orodha ya mada ambazo mwalimu anakusudia kuzifundisha kwa kompyuta, iulize kwa kila mada: kuna nini hapa kisichoonekana kwa macho au kisichofikika kwa mikono? Elektroni, chembe za gesi, atomu, mwendo wa sayari, mawimbi ya sauti, hayo yana sababu. Mizani na rula hazina.

Hesabu ya umeme wa kuendeshea

Shule nyingi tunazozihudumia zinategemea sola, na hapa ndipo miradi mingi inapokwama. Hesabu si ngumu. Kompyuta ndogo ya mapajani hutumia wati kama 45, televisheni ya LED ya inchi 32 wati kama 50. Jumla ni wati 95, na kwa vipindi vya saa tatu ni wati-saa 285. Betri ya sola ya volti 12 na ampia-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ile ya asidi isitumiwe zaidi ya nusu kama mnataka idumu, yaani 600. Inatosha, na kinachobaki kinafidia upotevu wa inveta na kuwasha taa mbili za kujisomea usiku.

Badala ya televisheni mkichukua projekta ya wati 250, pamoja na kompyuta ni wati 295, na kwa saa tatu ni 885. Betri ile haitoshi. Mkichukua kompyuta 20 za mezani, kila moja wati 100 pamoja na skrini yake, mtahitaji wati-saa 6,000 kwa saa hizo hizo tatu, yaani betri kumi za namna ile, pamoja na paneli za kuzijaza. Nimeshauona mchanganuo ambao kompyuta zimeandikwa kwa maelfu yake na umeme umeandikwa "utapatikana". Mhisani akisoma neno hilo ana haki ya kurudisha barua.

Kompyuta za msaada

Kwa wahisani wetu wanaokusanya kompyuta zilizotumika, tunawashukuru, na tunaomba jambo moja. Programu nyingi za zamani za aina hii ziliandikwa kwa Java au kwa Adobe Flash. (Isichanganywe na flashi ya kubebea mafaili, jina ni moja, vitu ni viwili.) Adobe ilisitisha Flash mwishoni mwa mwaka 2020, na vivinjari vya kisasa havifungui tena kazi zake. Programu za sasa zinahitaji kivinjari cha miaka ya karibuni, ambacho hakipatikani kwa kompyuta ya Windows XP, mfumo ambao Microsoft iliacha kuuhudumia mwezi Aprili 2014. Kompyuta ya namna hiyo inalipiwa meli, ushuru wa bandari na lori, kisha inafika shuleni kufunikwa kitambaa. Tafadhali, kabla ya kufunga sanduku, fungueni programu moja ya PhET kwenye kila mashine mkiwa mmezima intaneti. Isipofunguka, iacheni huko huko. Kompyuta tatu zinazofanya kazi zinatufaa kuliko thelathini za kuhesabiwa kwenye picha.

Mwalimu, na mwalimu wa pili

Gharama inayosahauliwa kuliko zote ni muda wa mwalimu. Anahitaji siku kadhaa za kujaribu programu mwenyewe, kuchagua tano au sita zinazolingana na muhtasari wa somo lake, na kuandaa maswali ya kubashiri. Mwalimu mmoja peke yake hatoshi, kwa sababu akihamishwa katikati ya mwaka mradi unahama naye. Wafundishwe wawili, hata kama wa pili ni wa Kemia au Hisabati. Na ufunguo wa kabati usikae kwa mkuu wa shule ambaye anasafiri kila wiki kwenda halmashauri. Nimeona vifaa vizuri vikikaa gizani muhula mzima kwa sababu hiyo tu, wakati watoto wa kidato cha pili wakikata shauri kwamba Fizikia haiwahusu, na pamoja nayo uhandisi, udaktari na ufundi umeme. Wasichana ndio wanaoondoka kwanza.

Kamati yenye ombi mezani ifanye hivi kabla ya kupiga kura. Imwalike mwalimu wa Fizikia kikaoni na kompyuta yoyote ya kuazima, pamoja na betri mbili, globu mbili na waya. Afundishe wanakamati kile kipindi cha balbu kwa dakika 40, kama angefundisha darasani. Wanakamati nao wabashiri kwenye karatasi, mchungaji na mtunza hazina wakiwemo. Angalieni kama anawaachia mseme kwanza au anakimbilia kuonyesha, na kama mwishoni anawapa globu mkononi.

Fomu za maombi zinapatikana katika ofisi za majimbo. Pamoja na fomu, ambatanisheni orodha ya mada na sababu ya kila moja, hesabu ya umeme kwa wati na saa kama ilivyoonyeshwa hapo juu, majina ya walimu wawili watakaohusika, na orodha ya vifaa halisi mlivyo navyo au mtakavyonunua kwa mchango wa usharika. Ombi lisilo na orodha hiyo ya mwisho tutalirudisha likakamilishwe.